Kuvua Gisenyi, Pwani Isiyojaa Wala Kupwa

Mtu wa Tanga au Mombasa akisikia neno pwani, mawazo yake huenda moja kwa moja kwenye maji ya chumvi, ngalawa na upepo wa kusi. Lakini wako watu wengi wa bara, wa Kigali, wa Musanze na wa vilima vya kandokando, ambao pwani yao ya mapumziko ni Gisenyi, mji ulio kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Kivu, na ambao sasa ndio makao ya Wilaya ya Rubavu. Pana mchanga wa kukalia. Pana mawimbi, na barabara ya kando ya maji yenye miti mirefu na majumba ya zamani ya enzi ya Wabelgiji. Jioni jua huzama nyuma ya milima ya Kongo, na watoto hawataki kutoka majini. Kwa kila hali ni pwani, ila bahari iliyo karibu iko mbali zaidi ya kilomita 1,000.

Hapo ndipo mipango ya familia nyingi inapokosea njia. Mzazi anayekwenda Gisenyi kwa mapumziko, hasa akiwa mtu aliyezaliwa pwani, hufungasha mshipi wake mnene, ndoana kubwa na matumaini ya nguru au kolekole. Huko Shimoni na katika mkondo wa Pemba watu hukodi mashua ya injini na kurudi na jodari, na pengine sulisuli. Gisenyi hayuko hata mmoja kati ya hao. Mshipi wa kuvutia jodari utakaa mkobani mpaka siku ya kurudi nyumbani, na baba ataonekana mbele ya wanawe kuwa mvuvi asiyejua kazi, kumbe kosa si la mkono bali la maarifa.

Yafaa basi kwanza kulifahamu ziwa lenyewe, kwa maana halifanani na maziwa mengine ya Afrika Mashariki. Liko juu sana, yapata mita 1,460 kutoka usawa wa bahari, na kina chake kinafikia karibu mita 485. Na jambo la ajabu ni kwamba chumvi imo, ila iko chini. Chemchemi zilizo ndani ya ziwa, zenye joto na madini ya volkano, huingiza humo maji mazito yenye chumvi, nayo kwa uzito wake hukaa chini na hayapandi. Maji mepesi ya mito na mvua huelea juu yake kama mafuta juu ya mchuzi. Tabaka hizo mbili hazichanganyiki. Katika tabaka la chini hakuna oksijeni. Badala yake imo gesi, wastani wa kilomita za ujazo 60 za methani na kilomita za ujazo 300 hivi za hewa ya ukaa.

Kwa hiyo samaki wote wa Kivu huishi katika mita 60 au 70 za juu tu. Ni kama nyumba ya ghorofa nane ambayo wapangaji wanakaa ghorofa ya juu peke yake, na saba zilizobaki zimefungwa. Mvuvi anayetupa mshipi wake chini sana akidhani kwamba samaki wakubwa hukaa kilindini, kama baharini, anavua mahali pasipo na uhai wowote.

Hata ghorofa hiyo moja ilikuwa na wapangaji wachache. Zamani Kivu lilikuwa ziwa maskini wa samaki, na katikati yake, mbali na ufuko, palikuwa hapana samaki wa kuvua. Kati ya miaka 1958 na 1960 wataalamu wa wakati wa Wabelgiji walichukua vifaranga vya dagaa kutoka Ziwa Tanganyika wakavimwaga Kivu. Zilikuwa aina mbili. Moja ilipotea, na ile ambayo watu wa Kigoma huiita lumbu ikastawi. Watu wa Kivu wakampa jina la sambaza. Samaki huyo huyo alipelekwa pia katika bwawa la Kariba miaka ya 1967 na 1968, na huko anaitwa kapenta. Basi msafiri wa Kigoma anayekaangiwa sambaza hotelini Gisenyi na kusifu ugeni wake, anamla jirani yake mwenyewe aliyehamia mbali.

Uvuvi wake wa sasa ulikomaa Gisenyi. Mwaka 1979 ulianza hapo mradi wa Umoja wa Mataifa, chini ya Shirika la Chakula na Kilimo, FAO, wa kuwafundisha wavuvi kuvua sambaza usiku kwa taa na wavu wa kuinua. Mitumbwi mitatu hufungwa sambamba kwa miti, na miti mingine mirefu hutokeza mbele na nyuma kama pembe za panzi. Wavu mpana hushushwa chini ya taa. Sambaza hupanda juu gizani kutafuta vijidudu vya majini, huuona mwanga, hukusanyika, na wavu huvutwa. Zamani taa zilikuwa karabai za mafuta ya taa. Leo nyingi ni za betri. Wavuvi hupiga makasia kwa nyimbo, mmoja akianza na wengine wakiitikia, na ukiwa umekaa ufukoni jioni sauti zao hukufikia kabla ya mashua yenyewe kuonekana. Hakuna redio ya hoteli inayoweza kushindana na sauti hizo, ingawa hoteli hazichoki kujaribu.

Sasa turudi kwenye mpango wa familia. Mtu wa pwani hupanga uvuvi wake kwa bamvua na maji mafu. Gisenyi maji hayajai wala hayapwi, kwa hiyo atadhani mwezi hauna kazi. La, mwezi unayo kazi, tena kubwa, lakini ni ya mwanga. Usiku wa mbalamwezi ziwa zima huwa jeupe, taa ya mvuvi hupoteza nguvu yake, na sambaza hutawanyika. Siku za mwezi mpevu mashua nyingi hukaa nchi kavu na wavuvi hushona nyavu. Anayetaka kuona uvuvi, au kwenda nao, achague siku za giza, mwezi unapokuwa haujaandama au umeandama karibuni tu. Kalenda ya ukutani yenye alama za mwezi inatosha.

La pili ni msimu, na hili ndilo linalowaumiza wengi. Kila mwaka serikali ya Rwanda huufunga uvuvi wa Ziwa Kivu kwa muda wa miezi miwili hivi, aghalabu kati ya Agosti na Oktoba, ili sambaza wapate kuzaa na kukua. Tarehe hutangazwa na wakuu wa uvuvi. Likizo za shule nazo huangukia katika miezi hiyo hiyo au pembeni yake, na familia huwasili ikakuta mitumbwi imepangwa ufukoni kama viti vya ukumbi uliofungwa. Mzazi aliyewaahidi watoto taa za usiku ziwani hana la kuwaonyesha.

Hapo huja mtu mpole mwenye kikapu kilichofunikwa, akinong'ona kwamba anao sambaza wabichi wa usiku ule ule. Mgeni aliyekwisha safiri saa nyingi huona si kitu kununua kilo moja. Lakini wavuvi wa vyama vya ushirika wamekaa majuma mengi bila kipato, wengine wakilima vibarua, kwa ajili ya kuitii amri hiyo. Na fedha ya mgeni humlipa yule aliyeivunja. Ziwa limegawanywa na nchi mbili, Rwanda na Kongo, nao wavuvi wa pande zote wamelalamika miaka mingi kwamba mavuno yanapungua, nyavu za matundu madogo kupita kiasi zikiwemo katika sababu. Kipindi cha kufungwa wapo sambaza wakavu walioanikwa mapema, na wako pia sato wanaofugwa vizimbani ziwani. Hao wanatosha kwa kitoweo cha juma moja. Kama moyo wote uko kwenye taa za usiku, basi isogezwe safari, ifanywe Juni au Desemba.

Kwenda ziwani usiku pamoja na wavuvi kunawezekana, na mapatano hufanywa na chama cha ushirika mwaloni mapema mchana, si na kijana wa kwanza anayejitokeza ufukoni. Mwaloni wa Rubona, kilomita chache kusini mwa mji, mashua huondoka jioni na kurudi alfajiri. Lugha si kikwazo. Gisenyi ni mji wa mpakani, Kiswahili kimezoeleka humo tangu zamani, na mwaka 2017 Bunge la Rwanda lilikipitisha kuwa lugha rasmi ya nchi. Mzee wa mashua akisalimiwa kwa heshima na kuulizwa habari za kazi kabla ya kuulizwa bei, mazungumzo huwa mepesi. Watoto wadogo wasipelekwe usiku. Wakubwa wavae maboya ya kujiokolea, kila mmoja la kwake, kwani ziwa hili hukata kina ghafla hatua chache tu kutoka ufukoni. Na wachukue masweta. Mtu wa Dar es Salaam huona aibu kubeba sweta akienda pwani, lakini saa tisa za usiku katika kimo cha mita 1,460 hataona aibu tena.

Kwa watoto upo uvuvi mwingine wa kufaa: ndoana ndogo, chambo cha mnyoo, na samaki wadogo wa mawe kandokando ya ufuko, tena mchana, baba akiwa karibu. Waulize kwanza wenyeji ni wapi paruhusiwapo.

Liko jambo ambalo kila mama na baba wanapaswa kulijua kabla ya kuwaachia watoto wakimbie watakako. Katika ardhi ya volkano ya Goma na Gisenyi hutoka hewa ya ukaa, ambayo wenyeji huiita mazuku. Haina rangi, haina harufu, ni nzito kuliko hewa ya kawaida, hivyo hujikusanya kwenye mabonde madogo, mashimo na vibwawa vilivyokauka, hasa usiku na alfajiri kabla jua na upepo havijaitawanya. Mtu mzima aweza kupita akiwa amesimama asidhurike, naye mtoto au mbuzi anayetembea nyuma yake akaanguka, kwa kuwa pua zake ziko chini. Ndege au mijusi waliokufa katika shimo ni alama. Watoto wanaochimba chambo alfajiri ndio hasa wanaopenda kuingia mashimoni, kwa hiyo kazi hiyo ifanywe jua likisha kuwa juu, mahali pa wazi ambapo mwenyeji amepakubali.

Mlima Nyiragongo nao uko karibu, ng'ambo ya mpaka. Ulilipuka mwaka 1977, kisha Januari 2002 uji wake wa moto ukapita katikati ya Goma hadi ziwani, na Mei 2021 ulipolipuka tena matetemeko yaliyofuata yalipasua nyumba nyingi za Gisenyi. Mpaka wenyewe una mambo yake pia: mapigano ya Goma ya Januari 2025 yalirusha makombora mpaka Rubavu, na raia wakafa. Hayo hayatokei kila siku, lakini mzazi mwenye busara husikiliza habari za juma lile kabla ya kukata tiketi za basi, na mpango wa kuvuka kwenda Goma hauufanyi kuwa sehemu ya ahadi kwa watoto.

Safari yenyewe kutoka Kigali, kupitia Musanze, ni ya kilomita 150 na ushei kwa barabara ya lami inayopanda na kushuka milimani. Wenye kutapika safarini wakae mbele. Mchana usio wa uvuvi unaweza kutumika kwenye chemchemi za maji ya moto za Nyamyumba, karibu na Rubona, ambako watu huloweka miguu na migongo yao kwa imani kubwa. Si mbali na hapo kipo kiwanda cha bia cha Bralirwa, kilichoanzishwa mwaka 1957, ambacho toka mwaka 1963 kilichemshia mitambo yake kwa methani iliyovutwa kutoka ziwani. Watoto wa shule za sekondari watafaidika kuelezwa kwamba gesi ile ile isiyoruhusu samaki kuishi chini imepata kazi juu. Huko Karongi, kusini zaidi, inazalisha umeme tangu mwaka 2016.

Alfajiri mashua zinaporudi ndipo mama mwenye nyumba huchukua uongozi. Sambaza mzuri hung'aa kama fedha, macho yake maangavu, na tumbo lake halijapasuka. Aende mwaloni na kikapu au beseni lake, kwa sababu Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008 na hakuna atakayemfungia samaki ndani yake. Sambaza hawapasuliwi. Huoshwa mara mbili kwa maji baridi, hutiwa chumvi na ndimu, huachwa robo saa, hukaushwa kwa kitambaa, hupitishwa katika unga kidogo wa ngano, kisha hukaangwa kwa mafuta mengi yaliyochemka sawasawa, wachache wachache, mpaka wawe wakavu wa kuvunjika mkononi. Wakijazwa wengi kwa mara moja mafuta hupoa na samaki huwa teketeke. Huliwa wazima, kichwa na mifupa, pamoja na pilipili ya kusaga na ndizi za kuchoma au ugali wa muhogo. Kilo mbili huwatosha watu sita, ikiwa baba hatasimama jikoni akionja.