Gari la Watu Saba

Nyumbani kwetu tuko watu saba. Baba, Mama, mimi, ndugu yangu wa Gredi ya 7, kitinda mimba wetu wa miaka minne, na binamu zangu wawili, watoto wa marehemu shangazi, ambao tumeishi nao tangu mwaka wa 2022. Mkubwa wao ni mvulana wa miaka kumi na mitano, yuko kidato cha pili na ni mrefu kama mlingoti wa bendera. Mdogo wake ni msichana wa Gredi ya 5. Gari letu lilikuwa Toyota Probox la viti vitano. Hesabu hiyo hata mtoto wa chekechea ataifanya na kukuambia haiingii.

Sisi tulikuwa tukiiingiza kwa nguvu. Mama alimpakata kitinda mimba kule mbele, nasi wanne tukajipanga nyuma kama viazi guniani, mmoja akiegemea mlango, mwingine akikaa nusu kiti. Wakati mwingine binamu mkubwa alikuwa akisema, "Nendeni tu, mimi nitabaki na kuku." Sote tulimwona mtoto mwenye adabu. Hakuna aliyemuuliza kama kweli anawapenda kuku.

Aprili 2025, wakati wa likizo, tulifunga safari kutoka Nakuru kwenda Maragoli, kaunti ya Vihiga. Ukoo ulikuwa umekubaliana kulijengea kaburi la shangazi kwa saruji na kufanya ibada ya kumkumbuka. Tuliondoka alfajiri na mapema, jogoo wakiwika. Kabla hatujafika Mau Summit tulikuta kizuizi barabarani. Askari wa trafiki alichungulia ndani, akatuhesabu kwa kidole kama mwalimu wa zamu gwarideni.

"Mzee, hii gari ni ya watu wangapi?"

"Watano, afande."

"Na hawa ni wangapi?"

Baba alinyamaza. Askari hakuwa na maneno mengi. Alisema wawili washuke, ama gari zima lipelekwe kituoni. Hapo ndipo nilipoona jambo ambalo hadi leo halijanitoka akilini. Askari hajamaliza kusema, binamu yangu mkono uko mlangoni tayari. "Mimi nitapanda matatu," akasema. Alisema kama mtu aliyekuwa akilingojea swali hilo tangu Nakuru. Jamani, tulikuwa tunaenda kwenye kaburi la mama yake mzazi!

Baba alimshika bega. "Wewe hushuki hapa. Huyo ni mama yako." Akageuka akanitazama mimi. Nilishuka na ndugu yangu mdogo, tukapewa nauli, tukapanda matatu hadi Kisumu na nyingine hadi Chavakali. Tulipofika, maombi yalikuwa yamekwisha, saruji inaanza kukauka, na watu wanakula. Sikulia kwa sababu ya kuchelewa. Kilichoniuma ni ule mkono mlangoni. Mtu hujifunza vipi kuwa mwepesi hivyo wa kujitoa?

Usiku ule ule Baba alimwambia Mama kwamba Probox itauzwa. Baba ni mwalimu wa shule ya msingi, na Mama huuza mitumba sokoni. Akiba yao katika Sacco, bei ya Probox na mkopo ambao Baba angeruhusiwa kuuchukua, vyote pamoja havikuzidi shilingi 1,600,000. Basi tukaanza kutafuta gari la safu tatu.

Kwanza Baba alitaka kuagiza gari moja kwa moja kutoka Japani. Nami kwa kuwa hesabu hainitishi, nilipewa daftari niandike. Hapo nilijifunza mambo ambayo hayamo katika silabasi. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari kuukuu lililozidi miaka minane, na lazima usukani uwe upande wa kulia. Kwa hiyo mwaka wa 2025 ni gari la 2018 kwenda mbele. Halafu kuna kodi, na kila kodi hukalia mgongo wa mwenzake. Tuseme thamani ya gari lililofika Mombasa ni shilingi 1,000,000. Ushuru wa forodha ni asilimia 35, tunafika 1,350,000. Kama injini imezidi sisi 1500, unaongeza asilimia 25 ya hiyo jumla mpya, si ya ile ya kwanza. Tunafika 1,687,500. Kisha VAT ya asilimia 16: 1,957,500. Na bado kuna ada nyingine ndogo ndogo. Baba alilitazama daftari, akalifunga polepole. "Tutafute ya hapa hapa," akasema.

Tangu siku hiyo Jumamosi zetu zilikuwa za yadi. Tulizunguka zote za Nakuru, na mara moja tukafika hadi Nairobi, Ngong Road, ambako magari yamepangwa pande zote mbili kama nyanya sokoni. Mama alinichukua mimi kila mara kwa kazi maalum. Baba akiangalia injini na magurudumu, mimi ningeingia safu ya tatu, nifunge milango yote, nikae dakika kumi na tano na kitabu changu cha fasihi. Nikitoka nimeloa jasho, au miguu imekufa ganzi, gari hilo Mama analiondoa katika orodha. Wauzaji walidhani ana wazimu. Mimi nasema hakuna mkaguzi aliyewahi kufanya kazi nzuri kuliko Mama.

Wenzangu, hiyo safu ya tatu ina mambo. Magari haya marefu ya kifamilia kwa nje ni makubwa, yanang'aa, mpaka unafikiri ndani mnaweza kucheza kati. Ingia kule nyuma sasa. Katika Nissan X-Trail ya viti saba (ziko za viti vitano pia, na kwa nje zinafanana, kwa hivyo fungua mlango uhesabu mwenyewe) magoti yangu yalikaribia kidevu, nami mnanijua, ni mimi ninayesimama mbele kabisa tukipigwa picha ya darasa. Sakafu kule nyuma iko juu na kiti kiko chini, kwa hiyo mapaja yananing'inia hewani. Katika magari kadhaa tuliyoyaona hakukuwa na tundu la hewa baridi nyuma. Kioo cha nyuma kilikuwa karibu na kisogo changu hivi kwamba nikijiegemeza nakigusa. Na viti vya safu ya tatu vikisimamishwa, buti inabaki nafasi ya mikoba michache ya shule. Mahindi ya Nyanya yatakaa wapi? Ndizi je? Jogoo?

Mazda CX-8 ndiyo iliyonifaa kuliko zote. Gari hilo lina urefu wa mita 4.9, na hata kule nyuma unaweza kupumua. Lakini bei yake ilipotajwa, Baba alimshukuru muuzaji kwa heshima, tukaondoka bila hata kuuliza kama inapungua.

Kila muuzaji alikuwa na wimbo mmoja. "Mwalimu, hapo nyuma usijali, ni pa watoto tu." Au, "Hiyo ni ya safari fupi, mama." Walisema hivyo wakicheka, nami nikiwa mle ndani nikiwasikia kupitia kioo. Nilikuwa nikijiuliza, watoto gani? Kwa sababu nilijua kwetu ni nani atakayejipeleka huko bila kuambiwa.

Mama yeye alitaka Toyota Noah. Alisema wazi: viti vinane, milango ya kuteleza hata Nyanya ataingia bila kuinuliwa, na wa nyuma anakaa kama binadamu. Baba hakutaka hata kusikia. "Nikisimama mahali popote watu wataniuliza nauli ni ngapi," akasema. Tulicheka hadi machozi, maana ni kweli, Noah nyingi hapa kwetu ni za kubeba abiria. Lakini alikuwa na sababu nyingine ya maana zaidi. Njia ya kwenda kwa Nyanya ni mlima wa udongo mwekundu na mawe, na ikinyesha huwa kama sabuni. Mwaka wa 2024, wakati wa masika, Probox iliteleza ikaingia mtaroni, majirani wakaibeba kwa mikono. Noah iko chini mno kwa mawe yale. Mimi nikiulizwa, nitasema Mama alikuwa sawa juu ya viti na Baba alikuwa sawa juu ya barabara. Barabara ndiyo ilishinda.

Mapema Agosti tulipata Mitsubishi Outlander ya mwaka wa 2013, injini ya lita 2.4, inayosukuma magurudumu yote manne, viti saba. Fundi wetu alilala chini yake kama saa nzima. Alichungulia mafuta ya gia, akaunganisha kikompyuta chake, akalijaribu mlimani, akasema, "Hii iko sawa, lakini mafuta ya gia mbadilishe kwanza kabla ya kitu kingine." Ile mikanda ya safu ya tatu haikuonekana. Muuzaji akasema haikuwepo tangu Japani. Mama akaingiza mkono chini ya viti, akaivuta yote miwili, imejaa vumbi na ganda la pipi. Baba hutuhadithia jinsi sheria za Waziri John Michuki zilivyoanza mwaka wa 2004, matatu zikalazimishwa kufunga mikanda na kubeba abiria kulingana na viti. Mimi sikuwa nimezaliwa. Lakini nilipokuwa nikipangusa vumbi lile niliwaza kwamba miaka ishirini na mmoja baadaye matatu ndizo zilizokuwa zikihesabu watu, na sisi wenye gari letu hatukuwa tukihesabu.

Siku hiyo nilikuwa nimeng'ang'ania binamu yangu aje pia. Kila Jumamosi alikuwa akisema ana kazi ya shule ya kumaliza. Nilimwambia Baba, "Huyu ndiye mrefu kutuliko sote, asipopimwa yeye tumepima nini?" Basi akaja. Kabla hajaambiwa neno, aliinama akapita, akaenda kuketi safu ya tatu. Kichwa kilishika paa. Magoti yalikuwa yamekunjwa kama ya panzi.

"Panatosha?" Baba akauliza.

"Panatosha, mjomba."

Baba alikuwa kwenye usukani, akimtazama kwa kile kioo cha juu. Alimtazama muda mrefu. "Toka huko," akasema. "Kaa hapa nyuma yangu, safu ya pili." Kisha akaniita mimi niende nyuma.

Sasa, viti vya safu ya pili vya gari hilo husogea mbele na nyuma. Ukivirudisha nyuma kabisa, wa safu ya pili ananyoosha miguu kama mfalme na wa tatu hana mahali pa kuweka magoti. Ukivisogeza mbele, wa tatu anapumua. Nafasi ni ile ile moja, mnagawana. Muuzaji hakutuambia hilo, tuliligundua wenyewe. Binamu alishika kile chuma chini ya kiti, akasogea mbele kidogo. "Sasa je?" akaniuliza. Bado. Akasogea tena hadi magoti yake yakagusa kiti cha Baba. Baba hakusema kitu, naye akasogeza chake mbele mpaka tumbo likakaribia usukani. Nikapata nafasi ya ngumi moja mbele ya magoti. "Hapo," nikasema. Mama alikuwa amesimama nje na mkoba wake wa pesa ya amana, akawa anatutazama kwa dirisha.

Tuliinunua kwa shilingi 1,530,000, baada ya Baba kuhakikisha logibuku haina deni la mtu. Mkopo wa Sacco utalipwa kwa miaka minne, kwa hivyo msishangae mkiniona bado nikija shule kwa miguu. Gari hilo hukaa nyumbani katikati ya wiki, kwani petroli hailetwi na mvua.

Mwishoni mwa Agosti tulikwenda kumsalimu Nyanya. Nilikaa nyuma na binamu mdogo, mizigo ikiwa chini ya miguu na mkate mkubwa mapajani, kwa sababu pesa ya keria hatujapata. Kabla ya Mau Summit kizuizi kilikuwa pale pale. Askari, sijui kama ni yule yule, alitusimamisha. Alichungulia, akaanza kuhesabu kwa kidole, mbele, katikati, nyuma. Mimi sikumtazama yeye. Nilikuwa nimekodoa macho kwenye mkono wa kulia wa binamu yangu, ulio upande wa mlango. Ulikuwa umeshika chungwa. Alikuwa akilimenya.

"Saba. Sawa, endeni."

Mlimani kwa Nyanya gari lilipanda bila kuteleza, Baba akipiga honi ambayo haikuhitajika. Nyanya alilizunguka mara mbili, akaligonga gonga kama anayechagua nazi. Nilimweka mbele kidogo ajaribu, ikabidi binamu amwinue, kwani ni juu kwake. Akafurahi sana. Akasema basi Desemba tukija Krismasi atarudi nasi Nakuru, akakae huko hadi macho yake yatibiwe.

Tulihesabu kimya kimya, kila mtu kivyake. Nyanya akiingia tuko wanane. Baba alianza kukagua tairi ambayo haikuwa na shida yoyote. Mama alimtazama, akasema neno moja tu.

"Noah."