Skuta moja, picha moja kwa siku: kutoka Ndosho hadi ziwani



Wiki hii hatuwapeleki mbali. Safari yetu ni ile tunayoifanya kila asubuhi, kutoka Ndosho hadi Himbi, hapa Goma kwetu. Wengi wenu mnaijua barabara hiyo kuliko sisi, maana mmeipita miaka mingi na mizigo kichwani. Lakini tunawasimulia, kwa sababu ndiyo iliyoturudishia moyo wa kufundisha wakati tulikuwa karibu kuacha chaki.

Sisi ni walimu wawili, majirani, tumevuka miaka thelathini. Diploma zetu za chuo cha ualimu zimetundikwa ukutani, na ilifika wakati ukuta peke yake ndio uliozijali. Mmoja wetu alikuwa bado hajaingia kwenye orodha ya malipo. Mshahara wa mwingine ulikuwa unakwisha kwenye madeni kabla ya kufika nyumbani. Kila jioni tulikaa na kuhesabu: tukiuza unga sokoni Virunga, tutapata ngapi? Kwenda shule kwa miguu ni saa nzima. Kupanda pikipiki kila siku ni kula pesa ya bugali.

Zamu zetu mbili za likelemba zilipokaribiana, tuliziunganisha tukanunua skuta iliyokwisha kutumika, nyekundu, yenye kioo kimoja tu. Tulichagua skuta kwa sababu haina vitesi, na mbele ina nafasi ya kuweka miguu bila kugombana na kikwembe. Katoni ya madaftari ya watoto inakaa hapo pia. Mmoja anaendesha, mwingine anakaa nyuma. Ndani ya vikwembe tunavaa suruali, na kichwani kaske, sisi wote wawili.

Siku za kwanza watu walisimama kutuangalia. Vijana walituuliza kama hiyo ni mtoto wa pikipiki. Mzee mmoja wa chukudu, aliyekuwa anasukuma mifuko ya makala kwenye mlima mdogo, alitupungia mkono akasema: «Walimu, chukudu yangu na yenu ni ndugu. Yenu tu ndiyo inakunywa!» Tulicheka hadi shuleni. Na ni kweli. Chukudu ya mbao, yenye magurudumu ya mti yaliyovikwa mpira wa matairi ya zamani, imelisha familia nyingi za mji huu, hata ikajengewa sanamu katikati ya mji. Tangu siku hiyo hatukuona haya tena kwa udogo wa skuta yetu.

Wazo la picha lilitoka kwa yule anayekaa nyuma. Yeye alikuwa msichana mdogo tarehe 17 mwezi wa kwanza mwaka 2002, wakati Nyiragongo ilipotapika na moto ukashuka hadi katikati ya mji. Walikimbia kuelekea Gisenyi na walichoweza kubeba. Nyumba iliungua, na picha zote zikaungua nayo. Leo mama yake ni marehemu, naye hana hata picha moja ya kuwaonyesha watoto wake bibi yao. Basi akasema: «Telefoni yetu ina ufa kwenye kioo, lakini jicho lake ni zima. Tupige picha moja kwa siku. Moja tu. Jioni tuiangalie pamoja.»

Tukaweka sheria. Hatupigi picha skuta ikitembea. Tunasimama pembeni na kuzima. Hatupigi askari, wala kizuizi, wala uwanja wa ndege, maana picha moja inaweza kukuletea shida ya wiki nzima. Na mtu hatumpigi bila kumwomba. Mama mmoja muuza sambaza alitukatalia: «Sura yangu siiuzi pamoja na samaki.» Tukamwambia asante, tukanunua samaki. Baada ya wiki mbili alituita yeye mwenyewe, akiwa amefunga kitambaa kipya.

Ndipo barabara ikaanza kufunguka. Pale Ndosho tulipiga ukuta wa mawe meusi ya volkeno, na katikati ya mawe boga limepenya na kuchanua. Kyeshero tulipiga nyumba ya mbao iliyopakwa rangi ya buluu upande mmoja tu, kwa sababu rangi ilikwisha. Asubuhi moja tulipiga kilele cha Nyiragongo bila wingu hata moja. Huko Kituku tulipiga wavuvi wakirudi kutoka kazi ya usiku, mitumbwi mitatu imeunganishwa kwa miti mirefu na nyavu zinaning'inia. Picha ile tuliipeleka kilasini. Watoto wa mwaka wa nne walishangaa kusikia kwamba sambaza hakuwa samaki wa Kivu, kwamba aliletwa kutoka ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Siku hiyo hakuna aliyelala juu ya meza. Jioni hatukuhesabu bei ya unga.

Si kila siku ilikuwa nzuri. Mvua moja ilituangusha kwenye mawe ya kartie, goti likachanika na katoni ya madaftari ikaanguka ndani ya matope. Tulikausha madaftari thelathini na nane juu ya jiko. Kuna asubuhi esansi ilikosekana, tukaisukuma skuta kama wanaume wa chukudu.

Halafu ikaja siku ya tano moja ambayo hatutaisahau. Asubuhi tulikuwa tumepiga mitumbwi ya Kituku, tukiwa tumesimama mbali, juu ya barabara. Jioni, chini ya taa ya jua, tuliikuza picha ili tuone nyavu. Nyuma ya mitumbwi kulikuwa na foleni ya watu na bidoni za manjano. Katikati ya foleni alikuwepo msichana, bidoni mgongoni, kamba kwenye paji la uso. Tulinyamaza. Alikuwa mwanafunzi wetu.

Wiki tatu alikuwa hajaonekana shuleni. Katika daftari la kuita majina tulikuwa tunaandika alama ya kukosa, tukidhani familia imehama, kama wengi wanavyohama. Na kila asubuhi skuta yetu ilikuwa inapita pale juu, na yeye yuko chini.

Siku ya posho tulikwenda bila kutoa telefoni. Mtoto alitupeleka kwao. Mama yake alikuwa amejifungua mapacha kwa kupasuliwa. Hawezi kuinama, hawezi kubeba. Baba yuko mbali anatafuta maisha. Bomba la kartie lilikuwa limekauka. Mtoto anachota maji ya nyumbani, na bidoni mbili nyingine anaziuza ili wapate chumvi na sabuni. Mama alisema taratibu: «Walimu, shule ni bure, najua. Maji si bure.» Kweli shule ya msingi ya serikali ni bure tangu mwaka 2019. Hatukuwa na jibu.

Tulirudi kwenye kikundi chetu cha wamama. Saba walikubali kupokezana zamu ya maji kwa mwezi mmoja, na mmoja akaleta dawa ya kuyasafisha, maana ninyi mnajua maji ya ziwa yanavyoleta kipindupindu. Mkuu wa shule alikubali mtoto asome na kilasi ya mchana. Hatusemi kwamba mambo yote yamekwisha. Hadi leo asubuhi anabeba bidoni moja, na siku nyingine anachelewa. Lakini jina lake linaitwa, naye anaitika.

Picha ile ya foleni tulimwonyesha mama yake peke yake, kisha tukaifuta. Mtoto hakuwa ameombwa. Mama akatuuliza kama tunaweza kumpiga nyingine, akiwa na shati lake jeupe na sketi ya buluu. Tulimpiga mlangoni, kando ya skuta, mkono juu ya usukani. Tuliipeleka studio, tukaichapa kwenye karatasi. Mama aliiangalia sana. Halafu akaiingiza katika mfuko wa plastiki pamoja na karatasi za kuzaliwa za watoto, ule mfuko ambao kila mama wa Goma anaujua, ule unaochukuliwa kwanza siku ya kukimbia.

Wamama, si lazima muwe na skuta. Hata mwenye kwenda kwa miguu ana barabara yake. Wiki hii simama mara moja pale unapopita kila siku, uangalie vizuri ni nani yuko upande wa chini. Ukiwa na telefoni, piga picha moja, ukiomba kwanza. Ukiwa huna, ukumbuke tu, uje utusimulie siku ya mkutano. Sisi tutakuwepo, mtatusikia kabla ya kutuona, maana bomba la moshi la skuta limetoboka tena.