Picha Hii Itakwenda Wapi?

Mji wa Kale wa Mombasa una nyakati mbili za nuru njema kwa mwenye kupiga picha, na zote mbili zimepakana na sala. Ya kwanza huanza watu wanapotoka misikitini baada ya alfajiri, jua likichomoza upande wa bahari na kuingia vichochoroni kwa mshazari. Ya pili huja baada ya alasiri na hudumu mpaka muadhini wa magharibi. Baina ya hizo mbili jua hukaa utosini, vivuli hujikunja chini ya nyayo, na macho ya mtu hutoka pichani kama mashimo mawili meusi. Kwa hivyo mwanafunzi wa fani hii, akiwa Muislamu, hapati taabu ya kupanga siku yake. Sala zimekwisha kumpangia.

Mwanafunzi ninayemkusudia ni binti wa dada yangu, mwenye umri wa miaka ishirini, anayesoma upigaji picha katika chuo kimoja hapa Mombasa. Dada yangu alitaka asomee ualimu au uuguzi. Jamaa wengine waliuliza ni kazi gani hiyo ya mtoto wa kike kuzunguka na kamera shingoni. Baada ya mashauri ya siku nyingi tulikubaliana asome, na kwa kuwa mjomba ni maharimu, matembezi yake ya mbali tunakwenda pamoja. Yeye hubeba kamera ya chuo na mimi hubeba chupa ya maji.

Siku yake ya kawaida huanza kabla ya adhana. Usiku huwa amekwisha kuchaji betri na kusafisha lenzi kwa kitambaa laini, kwa maana chumvi ya bahari hushika kioo upesi. Akisha kusali huteremka Mji wa Kale, na kufikia saa tatu nuru huwa imekwisha kuwa kali, naye hukimbilia matatu kwenda darasani. Adhuhuri hukaa mbele ya kompyuta akichambua. Katika picha mia moja alizopiga asubuhi, akibakisha tano hushukuru. Alasiri hurudi tena njiani.

Jioni moja alinieleza mambo matatu ambayo mpiga picha huyapima kila mara. La kwanza ni upana wa tundu la lenzi. La pili ni muda ambao pazia la kamera hubaki wazi: mtoto anayekimbia huhitaji sehemu moja ya 500 ya sekunde, lakini magharibi ikikaribia pazia hufunguliwa kwa muda mrefu zaidi, na hapo mkono ukitetemeka kidogo picha huharibika. La tatu ni wepesi wa kamera kuihisi nuru. Tena akaniambia kwamba mwalimu wao huwataka wasubiri mpaka vivuli virefuke. Nikatabasamu, kwa sababu hesabu hiyo ndiyo tuliyofundishwa madrasani. Katika madhehebu yetu ya Shafii, alasiri huingia pale kivuli cha kitu kinapolingana na kimo chake, baada ya kuondoa kivuli kilichokuwepo adhuhuri. Hapa Mombasa jua hupita juu ya vichwa vyetu mara mbili kwa mwaka, mwezi wa Machi na mwezi wa Oktoba, na siku hizo mti uliosimama wima hauna kivuli cha adhuhuri. Binti yule aliyajua hayo tangu utotoni, na chuoni aliyakuta yakimngojea kwa jina jingine.

Wala elimu ya nuru si ngeni kwa Waislamu. Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra mwaka 965 na kuishi Misri mpaka kufa kwake, aliandika Kitab al-Manazir, na akaichunguza nuru kwa kuipitisha katika tundu dogo mpaka ndani ya chumba chenye giza. Neno kamera lenyewe, kwa asili yake ya Kilatini, maana yake ni chumba.

Wako watakaouliza hukumu ya picha. Wanachuoni wametofautiana. Wapo wanaoiingiza picha ya kamera katika makatazo ya kutengeneza sura za viumbe wenye roho. Wapo pia, kama Sheikh Muhammad Bakhit al-Mutii aliyekuwa Mufti wa Misri mwanzoni mwa karne ya 20, walioona kwamba kamera haiumbi kitu, bali hukizuia kivuli cha kilichokwisha kuumbwa na Mola. Khitilafu hiyo haimaliziki katika ukurasa huu. Lakini hata anayeishika kauli ya ruhusa ana wajibu mwingine shingoni mwake, nao ni sitara na haki za watu. Wajibu huo tuliukuta Kibokoni.

Binti alikuwa amepewa kazi ya darasani: apige picha kumi na mbili zinazoeleza maisha ya mtaa mmoja. Tulianzia mbele ya Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 na Waomani wakaiteka mwaka 1698. Tangu mwaka 2011 imo katika orodha ya UNESCO ya turathi za dunia, na wageni huipiga picha kutwa nzima bila ya kumkera mtu. Kutoka hapo tukaifuata Ndia Kuu, tukapita chini ya roshani za mbao na mbele ya milango ya nakshi, tukateremka mpaka karibu na Bandari ya Kale, upande ule wenye msikiti wa Mandhry na mnara wake mweupe. Milango na roshani hazikatai kupigwa picha. Ugumu ulianza tulipofika penye watu.

Wakaazi wa Mji wa Kale wamechoshwa na kamera. Mwanamke hutoka mlangoni pake na buibui lake kwenda dukani, akamkuta mgeni asiyemjua amepiga goti akimlenga. Hakusalimiwa wala hakuulizwa, na sura yake imekwisha kwenda ng'ambo asikokujua. Tulipotokea sisi, wanawake wawili waligeuza nyuso, na mzee mmoja aliyekuwa barazani na kikombe chake cha kahawa akainua kiganja kutuzuia. Binti akaishusha kamera na kuifunika.

Mbele kidogo tulimkuta bi mkubwa mmoja akikaanga mahamri kizingitini pake. Binti alimwamkia, akachutama, akamueleza kwamba yeye ni mwanafunzi na angependa kumpiga picha akiwa kazini. Bi mkubwa aliligeuza hamri karaini, kisha akauliza bila ya hasira:

"Hiyo picha itakwenda wapi, mwanangu?"

Binti hakuwa na jawabu lililo tayari. Alisema itakwenda kwa mwalimu. "Na kwa mwalimu itatoka iende wapi?" Akasema huenda ikawekwa katika maonyesho ya chuo. "Na hao wakaokuja kuitazama, wana simu?" Binti akakiri kwamba wanazo. Bi mkubwa akacheka, akasema: "Basi haina kwao hiyo. Nipige mikono yangu na karai langu. Uso wangu niwachie mwenyewe."

Nimelifikiri swali hilo kwa siku nyingi. Zamani lilikuwa na jawabu jepesi. Mtu alijipamba akaenda studio kwa miguu yake, kama zile za Mombasa, au ile ya marehemu Omar Said Bakor kule Lamu. Alikaa namna alivyotaka, akalipa, na picha ikarudi nyumbani kutundikwa ukutani au kuhifadhiwa sandukuni. Picha ilikuwa na kwao. Leo huondoka mkononi mwa mpigaji kabla bi mkubwa hajaepua mahamri, na hairudi.

Wahenga walisema macho hayana pazia, na ni kweli, kwani jicho la mpita njia huangukia lolote lililo mbele yake. Lakini kamera ina pazia, tena halifunguki mpaka kidole cha mtu kilifungue. Kwa hivyo mpigaji hawezi kujitetea kwa methali hiyo. Mwenyezi Mungu ametufundisha katika Surat An-Nur, aya ya 27, tusiingie nyumba zisizokuwa zetu mpaka tuombe ruhusa na tuwasalimu wenyewe. Uso wa mtu nao una mlango wake, na mlangoni hupigwa hodi. Tena hodi ni mbili: moja ya kupiga picha, na nyingine ya kuieneza. Aliyejibiwa karibu katika ile ya kwanza asidhani amekwisha kuruhusiwa katika ile ya pili.

Tangu siku ile picha zake zilibadilika. Alipiga mikono ya bi mkubwa na unga uliokauka kwenye vidole, na mvuke wa karai ukikatwa na jua la asubuhi. Akapiga dele la kahawa na vikombe vyake, vikuba vya asumini sinia moja, viatu vya watoto vilivyoachwa mlangoni mwa madrasa, na hina mbichi kwenye nyayo za biarusi. Wavulana waliokuwa wakicheza mpira walitaka wenyewe kupigwa. Hata hivyo aliwapeleka kwa mama zao kwanza, na mama mmoja akakataa. Mwalimu alipozitazama kazi zile alimuuliza mbona mtaa mzima una nyuso chache. Akamjibu kwamba mtaa wenyewe ndivyo unavyotaka kuonekana. Mwalimu alizikubali picha tisa, na tatu akamrudisha akazipige tena kwa sababu ya nuru mbaya.

Safari yetu ndefu ilikuwa Gede, kabla ya kufika Malindi. Tulivuka daraja la Mtwapa, tukapita mashamba ya mkonge ya Vipingo, tukavuka daraja la Kilifi, na asubuhi mapema tukawa chini ya miti mikubwa inayoufunika mji ule uliohamwa karne nyingi zilizopita. Gede iliingizwa katika orodha ya turathi za dunia mwaka 2024. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe. Visima vingali pale, na mihrabu ya msikiti mkuu imeelekea kibla kama siku ilipojengwa. Nuru hupenya majanini kwa vipande vipande, na kima huruka juu ya magofu. Lipo kaburi lenye tarehe iliyochongwa, mwaka 802 wa Hijria, nao ni sawa na 1399. Binti alisimama mbele yake, kamera mkononi, akaniuliza: "Mjomba, na hawa nitawapigiaje hodi?" Nikamwambia waliokufa tumeamrishwa tuwasalimu, basi aanze na salamu. Alisalimu, akasoma Fatiha, ndipo akalifungua pazia la kamera.

Sasa nisemee jambo linalowahusu zaidi mama zetu na mabinti zetu. Katika harusi zetu, siku ya wanawake, simu huwekwa mlangoni, na mnajua sababu yake. Zipo picha za wanawake waliojipamba kwa ajili ya wenzao zilizotoka ukumbini na kufika kwa wanaume wasiowahusu. Nyumba zilitikisika, na wako walioachwa. Picha ya namna hiyo hairudishwi kwa kuombana radhi. Kwa ajili hiyo mpiga picha wa kike, tena mwaminifu, ni haja ya jamii nzima, na hapa ndipo dada yangu alipoanza kuridhika na masomo ya bintiye.

Binti huyo sasa huitwa harusini, na masharti yake huyasema kabla ya kutaja bei. Hutumia kadi mpya ya kumbukumbu. Picha huzitengeneza nyumbani kwa biarusi, mama mtu akiwapo, kwa kompyuta isiyounganishwa na intaneti. Akimaliza humkabidhi mama kadi na nakala zote, na yeye habakishi hata moja, ijapokuwa angependa kuwaonyesha wateja wengine ustadi wake. Hupoteza kazi kwa hilo, kwani wapo wanaotaka kuona sampuli kwanza. Anasema wanaomwita humwita kwa sababu hana cha kuwaonyesha.

Sheria ya nchi nayo inasaidia. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 31, inampa kila mtu haki ya faragha, na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inazihesabu habari zote zinazomtambulisha mtu kuwa ni zake, na picha ya uso wake imo. Anayeona picha yake imeenezwa bila ya ridhaa yake asinyamaze kwa haya.

Kwa hivyo nawausia wazazi wasiwakatize watoto wao fani hii kwa dhana tu, bali wawafundishe adabu yake pamoja na ufundi wake. Na kijana mwenye kamera akija mlangoni pako kwa salamu na heshima, mkaribishe, kwani huenda ndiye atakayewahifadhia wajukuu zako mikono yako, karai lako na mlango wa nyumba yako. Lakini kabla hajalifungua pazia, muulize alivyouliza yule bi mkubwa wa Kibokoni. Akiwa na jawabu, mpe uso ukipenda. Akiwa hana, mahamri yanatosha.

Wabillahi tawfiq.