Mjomba Hakuwa na Kambi

Miaka ya 1980, Bariadi ikiwa bado wilaya ya Mkoa wa Shinyanga, muziki ulikuwa na msimu wake, na msimu huo uliletwa na pamba. Pamba ikishapimwa na watu wakashika hela, ngoma za Wasukuma zilianza: kambi ya Bagika upande huu, ya Bagalu upande ule, uwanja mmoja, wakati mmoja. Aliyevuta watu wengi ndiye aliyeshinda. Kwa hiyo kila manju, kiongozi wa ngoma, alikuja na lake jipya: chatu shingoni, wimbo wa kumsema mpinzani, na dawa ya mvuto ambayo kila mtu aliijua na hakuna aliyeitaja.

Mjomba wangu alipiga ngoma kwa Bagalu. Alikuwa pia na gitaa alilojitengenezea kwa galani, nyuzi zake nyaya za breki ya baiskeli. Usiku wa mnada alilipigia dansi kilabuni. Jumapili alishika gitaa la kwaya, la dukani, akalipiga kanisani huku usingizi ukimsumbua.

Dansi tuliipata kwa Radio Tanzania, betri zikiisha nguvu tunazianika juani. Mjomba aliipenda sana Mlimani Park, bendi ya Dar es Salaam iliyoanza mwaka 1978 na kujiita Sikinde, jina la ngoma ya Wazaramo. Hapo ndipo alipopata hoja yake.

“Wa Dar wamechukua ngoma ya kwao wakaitia magitaa,” alituambia. “Mimi anikataze nani?”

Waliomkataza walikuwepo. Wazee wa kanisa walimwita: “Wewe ni wa kwaya au wa ngoma?”

“Wazee wangu,” akajibu, “mkono ninao huu mmoja.”

Wakamtenga ushirika. Kilabuni nako walimwita mchungaji, na Bagalu wenzake walishuku anapeleka nyimbo zao nje. Mkutano wa injili ulipokaribia akarudishwa, maana hakukuwa na mwingine wa kuwapangia waimbaji sauti.

Siku hiyo nilikaa karibu naye. Vidole vyake vilifuata wimbo wa kitabuni bila kukosea, lakini kidole gumba kilishuka kwenye nyuzi nene kwa mwendo wa bugobogobo, ule wa majembe yanayopanda na kushuka shambani. Wazee wale wale wakaanza kutikisa mabega. Hakuna aliyesema kitu.

Tangu mwaka 2012 Bariadi ni makao makuu ya Mkoa wa Simiyu, na vijana wanarekodi nyimbo za Kisukuma kwa kinanda na kompyuta. Wapo wanaosema hiyo si ngoma wala si bongo fleva, ni uharibifu. Wengi wao ni rika langu, na baadhi walikuwa kwenye mkutano ule. Nikiwakumbusha bugobogobo iliyopigwa mbele ya mimbari, wanasema ule ulikuwa wimbo wa dini.