Kibaba cha Mfuto

Katika kufasiri kitabu cha mapishi, kazi ngumu si majina ya viungo. Hayo hupatikana kwa kuuliza wakubwa. Kazi ngumu ni gramu. Kitabu kinaamrisha gramu 400 za mchele, na huku mitaani kwetu mizani ipo dukani tu. Jikoni mna kikombe, mkebe na kiganja. Basi mfasiri, ambaye hesabu zake ni zile za skuli na mengine ameyaokota kwenye kamusi, hana budi ageuze uzito kuwa ujazo.

Wazee wetu waliipima nafaka kwa chombo. Vibaba 2 ni kisaga, visaga 2 ni pishi. Na walikuwa waangalifu: kibaba cha mfuto kimepitishwa mkono kikawa sawa na ukingo, kibaba cha tele kimeachiwa kichwa. Katika kichwa hicho ndimo ulimojulikana ukarimu wa muuzaji, au choyo chake. Leo tungali tukisema haba na haba hujaza kibaba, na vijana wengi hawajapata kukiona.

Kikombe cha mililita 250, cha mfuto, huchukua mchele mkavu wa gramu 200 hivi. Kilo moja, kwa hiyo, ni kama vikombe 5. Kijaze unga wa ngano kikombe hicho hicho, utapata gramu 125, pengine 150 ukiushindilia. Unga hubeba hewa nyingi, na chombo kikigongwa hushuka. Ile kanuni ya lita moja kuwa kilo moja ni ya maji. Wengi wameichukua wakaitia kila mahali.

Si jambo la jikoni peke yake. Mwisho wa Ramadhani tunatoa zaka ya fitiri, na kipimo chake ni swaa moja, ambayo sisi huiita pishi: vibaba 4, kila kimoja mjazo wa viganja viwili vya mtu wa kadiri. Ni chombo, si uzito. Ukiuliza kilo ngapi, huyu atakwambia mbili na nusu, yule tatu, na maneno yakazidi kana kwamba mmoja wao mwongo. Mimi huuliza kwanza: pishi ya nini? Tende, ngano na mchele havilingani uzito ndani ya chombo kimoja. Na anayepokea ni maskini. Kwake nusu kilo ya mchele ni chakula cha usiku cha watoto. Nyumbani kwangu tunatoa kilo 3.

Washairi nasi tuna kichekesho chetu. Neno mizani tumelitwaa dukani, lakini hatupimi uzito hata kidogo. Mshororo wa mizani 16, 8 ukwapi na 8 utao, ni kibaba: tunahesabu kilichoingia. "Kifo" ni mizani 2, "mauti" ni 3, na mara ngapi mauti yamechaguliwa kwa ajili ya nafasi iliyobaki! Mfasiri ndiye mwenye tabu zaidi, maana neno la Kiingereza la silabi moja huja kwetu na silabi 3 au 4, na chombo hakipanuki. Ubeti uliotimia mizani yake yote kwa "hakika" na "kwa yakini" nauona kama kikombe cha unga: kimejaa, lakini kigonge uone.

Katika kile kitabu nilikataa jedwali la namba moja kwa kila kitu, ingawa mchapishaji alilipenda kwa ufupi wake. Nimeandika: vikombe 2 vya mfuto vya mchele mkavu, kabla ya kuoshwa. Penye unga nimeandika kwamba umiminwe kwa kijiko, usishindiliwe. Mhariri aliniuliza kama neno "mfuto" halijachakaa. Nimeliacha, na chini yake nikalieleza kwa maneno manne: pitisha mkono juu yake.