Nuru Isiyoonekana

Nilipokuwa mtoto nilikunywa maji ya kisima yaliyong'aa kama kioo, nikaugua homa ya matumbo, nusura nife. Tangu siku ile sikuridhika tena na ushahidi wa macho matupu.

Iko nuru isiyoonekana, iitwayo urujuanimno. Ikimulika vijidudu, protini zao huimeza nuru hiyo, kisha hutoa mng'ao hafifu ambao chombo maalumu huweza kuutambua. Lakini leza za nuru hii zilikuwa kubwa na ghali. Nani angezibeba mpaka kisimani? Mwaka 2019 wataalamu wa Nagoya, Japani, Hiroshi Amano akiwa mmoja wao, waliwasha leza ndogo mno ya fuwele za nusu-kipitishi, yenye urefu wa wimbi wa nanomita 271.8. Ilimeta kwa vipindi vifupi tu. Mwaka 2022 walifaulu kuifanya iwake mfululizo.

Safari haijaisha: fuwele zina dosari, na umeme mwingi hupotea kuwa joto. Basi, kijana, usidharau kilicho kidogo, wala usikane usichokiona. Huenda mkono wako ndio utakaoifikisha taa hiyo kisimani.