Mpagazi na Simu ya Mkononi

Wenzangu wengi wamekwisha andika katika gazeti letu hili juu ya simu ya mkononi. Mmoja alisema kuwa simu ni adui wa masomo. Mwingine akamjibu kuwa ni mwalimu asiyelala. Mimi sitaki kuamua ugomvi huo, maana sheria ya shule inajulikana, na simu zetu tumeziacha nyumbani. Nataka kuuliza neno moja ambalo sikulisikia likiulizwa: kitu hiki kimetoka wapi, kimebebwa na nani, na kila aliyekibeba alipata nini?

Swali hilo latupasa sana sisi tukaao Tabora, kwa sababu mji wetu ulikuzwa na mizigo. Burton na Speke walipofika hapa mwezi wa Novemba 1857 walikuta Kazeh, mahali pa wafanyabiashara waliotoka pwani. Livingstone na Stanley walikaa Kwihara, mwendo mfupi tu kutoka hapa, mwaka 1872. Hapa ndipo njia zilipogawanyika. Msafara uliotoka Bagamoyo ukavuka Ugogo na kufika Unyanyembe ulipumzika, kisha ukaenda Ujiji, au kaskazini mpaka Karagwe na Buganda, au ukashika njia ya Katanga. Kwenda bara misafara ilichukua nguo, shanga na nyaya. Kurudi pwani ilichukua pembe za ndovu, na kwa aibu kubwa ya biashara ile, ilichukua na watu waliofungwa minyororo.

Wapagazi wengi wa njia ile walikuwa Wanyamwezi, nao walifanya kazi kwa ujira. Mzigo wa mtu mmoja ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, mbali na mkeka wake, chungu chake na chakula chake. Kijana ambaye hajafika pwani hakuhesabiwa bado kuwa mtu mzima. Babu yangu husema kuwa babu yake alikuwa mmoja wao, na bega lake lilikuwa na sugu ngumu kama kwato mpaka siku alipokufa. Hutuambia hayo kwa fahari. Lakini siku moja, wakati tulipokuwa tukipura mahindi, aliongeza neno ambalo sijalisahau. Alisema, "Mjukuu wangu, mpagazi aliujua uzito wa pembe kuliko mtu yeyote, lakini bei yake hakuijua."

Ni kweli. Pembe zile zilipakiwa majahazini mpaka Unguja, na kutoka huko nyingi zilipelekwa Ulaya na Marekani. Katika jimbo la Connecticut kuna mji ambao hata jina lake, Ivoryton, limetokana na pembe, kwa kuwa viwanda vya huko vilizikata vikatengeneza vibao vya piano. Kutoka Marekani vilevile, hasa kutoka viwanda vya Massachusetts, ililetwa nguo nyeupe ya pamba ambayo wazee wetu waliiita merikani, jina la nchi likawa jina la nguo. Basi mpagazi alibeba pembe kwenda, akarudi na merikani, na pengine akalipwa ujira wake kwa nguo ile ile. Piano hakuiona.

Sasa niwaeleze kwa nini nimeleta habari za kale. Ndani ya betri ya simu mna madini yaitwayo kobalti. Zaidi ya theluthi mbili za kobalti yote inayochimbwa duniani hutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, na sehemu kubwa yake hutoka pande za Kolwezi katika nchi ya Katanga. Nchi hiyo si ngeni kwa watu wa huku. Katika karne ya 19 Msiri, mtoto wa Kalasa, aliondoka magharibi mwa Tanzania ya leo akifuata biashara ya shaba aliyoianza baba yake. Akafanya makao yake Bunkeya, akawa mtawala mkuu wa Katanga, na watu wake huko waitwa Bayeke hata leo. Aliuawa tarehe 20 Desemba 1891 na msafara uliotumwa kwa niaba ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Shaba ile ile iliyowavuta wazee wetu ndiyo iliyowavuta wageni wale, na kobalti hupatikana pamoja na shaba.

Kaka yangu mkubwa ni utingo wa lori. Tangu 2022 husafiri kutoka Dar es Salaam kupitia Tunduma na Zambia, akavuka mpaka wa Kasumbalesa, akafika Kolwezi. Na kurudi huchukua magunia makubwa ya unga wa kobalti. Foleni ya Kasumbalesa huweza kumweka siku nyingi, akilala chini ya lori, akipika ugali kando ya barabara. Simu aliyo nayo ni kitochi kidogo, na kwa kitochi hicho hutuma fedha nyumbani kila apatapo mshahara. Daftari ninaloandikia habari hii limenunuliwa kwa fedha hizo.

Likizo iliyopita tulifanya hesabu pamoja naye. Lori lake huchukua tani 30 hivi. Tukigawa kwa mizigo ya kilo 32, lori moja limechukua mizigo ya wapagazi zaidi ya 900, msafara mzima wa zamani umeingia katika gari la watu wawili! Tena unga ule si kobalti tupu. Tuseme theluthi yake ndiyo kobalti, basi tumepata tani 10. Na tuseme betri moja ya simu yahitaji gramu 10. Hesabu hiyo yatuambia kuwa safari moja ya kaka yangu yatosha simu milioni moja. Kaka alinyamaza kidogo, akaangalia kitochi chake, akacheka.

Kutoka Dar es Salaam unga huo hupakiwa melini, na sehemu kubwa huenda China, maana huko ndiko kobalti nyingi ya dunia husafishwa. Kutoka viwandani hutoka betri, na betri huingia katika simu za kila namna. Nyingine hurudi huku. Katika maduka yetu ya Tabora utaona Tecno, itel na Infinix, ambazo zote ni za kampuni moja, Transsion ya Shenzhen, iliyotambua mapema kuwa Mwafrika hupenda simu ya laini mbili na betri isiyokwisha upesi. Nyingine huuzwa ghali kwa matajiri wa dunia. Mwezi wa Agosti 2018 kampuni ya Apple ya Marekani ilifikia thamani ya dola trilioni 1, na Juni 2023 ilipita trilioni 3. Merikani ya zamani imekuja kwa sura nyingine: tunatoa kitu kisichosafishwa, tunanunua kitu kilichokwisha tengenezwa, na tofauti ya bei inabaki njiani kwa watu wengine.

Hapo kale watemi walijua dawa ya jambo hilo, nayo ni hongo. Msafara haukupita katika nchi ya mtu bila kulipa nguo kadhaa, na Mirambo wa Urambo alipoona hakutendewa haki aliifunga njia ya Ujiji, mwaka 1871, Waarabu wa Tabora wakapigana naye. Lakini hongo ina namna mbili. Yaweza kumsaidia mwenye nchi, na yaweza kuwa unyang'anyi mtupu. Katika Kivu Kaskazini huchimbwa koltani, ambayo nayo hutumika katika simu. Mwaka 2024 waasi wa M23 waliyateka machimbo ya Rubaya, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa wakasema kuwa waasi hao walikuwa wakitoza hapo kama dola 800,000 kila mwezi. Hongo ya namna hiyo hainunui dawati hata moja la mtoto wa Rubaya, yanunua risasi.

Namna ya pili ilitugusa sisi wenyewe nyumbani. Bei ya kobalti ilikuwa imeshuka vibaya kwa kuwa ilichimbwa nyingi kupita kiasi. Basi mwezi wa Februari 2025 serikali ya Congo ilizuia kobalti yote isitoke nchini kwa miezi minne, kisha ikaongeza miezi mingine, na tangu Oktoba 2025 imeweka kiasi maalum ambacho kila kampuni yaruhusiwa kupeleka nje. Bei ikapanda, na kabla ya mwaka kwisha ilikuwa imezidi mara mbili ya ile ya Februari.

Serikali ile ilipata ilichotaka, lakini lori la kaka yangu lilisimama. Tajiri wake alipunguza safari, akawaacha matingo nyumbani bila mshahara. Kaka alirudi kwetu mwezi wa Aprili, akashika jembe katika shamba la tumbaku la mjomba. Michango yangu ya shule ilichelewa muhula mzima, na mama aliuza mbuzi wawili. Jioni kaka alikuwa akisema kwa uchungu, "Wacongo wametufungia riziki." Mama hakusema neno. Babu naye akamwuliza, "Ungekuwa mwenye shimo, ungefanyaje?" Kaka hakujibu, akaondoka akaenda kuoga.

Nimefikiri sana juu ya swali hilo la babu, na jibu langu ni hili, ingawa limetugharimu mbuzi wawili. Nadhani Wacongo walikuwa na haki. Mwenye mali akiiuza bila kuhesabu, bei itapangwa na mnunuzi siku zote. Riziki ya kaka yangu ilikuwa halali, lakini ilisimama juu ya urahisi wa mali ya watu wengine, na riziki ya namna hiyo haina mizizi. Sikumwambia hivyo usoni, kwa heshima yake na kwa sababu nakula jasho lake. Naandika hapa, naye ataposoma atanijibu apendavyo.

Tena iko hatari nyingine. Mzigo wenyewe haudumu. Mwaka 1912 reli ilifika Tabora, na kazi ya mpagazi wa njia ndefu ikafa mbele ya macho ya watu waliojivunia mabega yao. Piano nazo siku hizi zina vibao vya plastiki. Vivyo hivyo, mwaka 2023 Apple ilitangaza kuwa ifikapo 2025 betri zake zote zitatumia kobalti iliyotolewa katika betri na vyombo vikuukuu, na magari mengi ya umeme sasa yana betri zisizo na kobalti kabisa. Huenda mtoto wa kaka yangu akakuta barabara ya Kolwezi imenyamaza kama njia ya Ujiji.

Kitakachobaki ni maarifa. Mwezi wa Machi 2024 serikali yetu ilitoa leseni ya kujenga kiwanda cha kuchenjua madini huko Buzwagi, Kahama, kaskazini mwa mkoa wetu, kwa ajili ya nikeli, shaba na kobalti ya Kabanga. Leseni ni karatasi, na kiwanda ni watu. Atakayesimama mbele ya matangi ya asidi akajua kipimo chake ni nani? Nilipouliza katika darasa letu ni wangapi watakaochukua Kemia mwakani, mikono iliyoinuka haikuzidi kumi. Lakini nilipotaja aina za simu, kila mtu aliweza kuzihesabu mpaka namba ya toleo.

Wenzangu, sikusema tuichukie simu. Kwa simu mama hupata habari kuwa kaka yu hai huko Kasumbalesa, na kwa simu wakulima wetu huulizia bei ya tumbaku na ya asali kabla ya kupakia. Kitu chenye faida hiyo si cha kutupwa. Ninachoomba ni kwamba tutakapoishika siku za likizo tuipime kwa mkono kwanza, kama mpagazi alivyopima mzigo kabla ya kuuinua, tukijiuliza ni sehemu gani ya chombo hiki twaijua kuitengeneza. Na walimu wetu wa sayansi nawaomba, kwa heshima zote, watufungulie betri moja iliyokufa mezani, watuonyeshe mna nini ndani, maana maabara yetu ina meza, na betri zilizokufa zimejaa kwa mafundi wa sokoni, wala haziuzwi ghali.

Kaka yangu amekwisha rudi barabarani. Siku hizi lori lao huchukua zaidi vipande vya shaba, na fedha yake ya mwezi uliopita ilifika. Katika ujumbe wake aliniandikia maneno matatu tu: "Soma hiyo Kemia."